Chapa za mbao za Korea hazikuchongwa zikae nyuma ya kioo

Usiku wa 3 Desemba 2024 Rais Yoon Suk-yeol wa Korea Kusini alitokea kwenye televisheni akatangaza utawala wa kijeshi. Saa moja hivi baadaye jeshi likatoa amri yake ya kwanza, na kifungu kimojawapo kilisema kwamba vyombo vyote vya habari na uchapishaji wote vitakuwa chini ya kamandi ya utawala huo. Wabunge waliruka kuta kuingia bungeni, wakapiga kura 190 kwa 0, na kabla hakujapambazuka amri ilikuwa imefutwa. Siku zilizofuata umati mkubwa, wengi wao wasichana, ulisimama kwenye baridi kali mbele ya Bunge huko Yeouido, ukipunga vijiti vya taa vile ambavyo mashabiki hupeleka kwenye maonyesho ya muziki. Tarehe 14 Desemba Bunge likamsimamisha Yoon, na 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa kabisa.

Tangu hapo uchambuzi mwingi niliousoma umevuta upande mmoja. Unasema vijiti vya taa vimezika zama za mawe, mabomu ya petroli na zile picha nyeusi za wakulima waliokunja ngumi. Chapa za mbao za miaka ya 1980, yaani picha hizo zilizochapwa kwa vibao vilivyochongwa, kwa maelezo hayo, zimemaliza kazi yake na sasa ni mali ya makumbusho. Naona kosa hapa, na si kosa dogo. Chapa ya mbao ilipata nguvu yake katika harakati za demokrasia za Korea kwa sababu ya mikono iliyoitengeneza na njia iliyopita kumfikia mtu wa mwisho. Ukali wa mistari yake ulikuja nyuma ya hayo. Anayeitazama kama mtindo wa uchoraji uliopitwa na wakati, na anayeidharau kama propaganda, wote wawili wameangalia karatasi wakasahau kibao.

Tuanze na kibao chenyewe, maana hapo ndipo hoja inapokaa. Unachukua ubao laini, unachora juu yake, kisha unachimba kwa patasi kila sehemu unayotaka ibaki nyeupe. Kilichobaki kimeinuka ndicho kinachopakwa wino kwa rola. Unalaza karatasi, unasugua mgongo wake kwa kijiko, unabandua taratibu kuanzia pembeni. Umeme hauhitajiki, mashine haihitajiki, wala hakuna mwenye duka la picha atakayeona unachosafisha akapiga simu polisi. Maneno lazima yachongwe kinyume ili yakichapwa yasomeke, na usumbufu huo peke yake humfundisha mchongaji kusema machache. Shule ya msingi tulifanya vivyo hivyo kwa viazi: tunakata kiazi katikati, tunachonga ua, tunachovya kwenye rangi na kugonga daftarini. Maua nimeyasahau. Ninachokumbuka ni mwenzetu mmoja aliyekuwa akishika mkia karibu kila somo, na jinsi kiazi chake siku ile kilivyozunguka darasa zima, kila mtu akitaka nakala.

Sasa kipeleke kibao hicho Korea ya 1980. Jenerali Chun Doo-hwan alikuwa ameshika jeshi kwa mapinduzi ya 12 Desemba 1979, na 17 Mei 1980 akapanua utawala wa kijeshi nchi nzima. Kesho yake, katika mji wa Gwangju kusini-magharibi, askari wa miavuli waliwashukia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chonnam kwa marungu na singe. Mji ukainuka. Kwa siku kadhaa wananchi waliuendesha wenyewe, wakachangiana damu hospitalini na chakula barabarani, mpaka alfajiri ya 27 Mei jeshi lilipoingia tena na kulivamia jengo la serikali ya mkoa. Hesabu rasmi ya waliouawa inapita watu 160, na wapo ambao hadi leo hawajulikani walipo. Siku zile zote magazeti yalipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Waandishi wa gazeti moja la Gwangju waliandika barua ya kujiuzulu 20 Mei kwa sababu walikuwa wameona watu wakiuawa na hawakuweza kuchapa hata mstari mmoja; usiku huohuo wananchi waliochoshwa na kimya cha matangazo wakachoma kituo cha televisheni. Simu za kwenda nje ya mji zilikatwa. Julai mwaka huo serikali ilifuta leseni za majarida 172 kwa mkupuo.

Katika mji huo alikuwamo kijana wa miaka 25, Hong Sung-dam, mzaliwa wa Hauido, kisiwa kilekile alikozaliwa Kim Dae-jung, mwanasiasa aliyehukumiwa kifo mwaka huohuo na baadaye akawa rais. Hong alishiriki maandamano akiwa upande wa uenezi: mabango, maandishi, sauti. Baada ya jeshi kuuchukua mji, kusema kilichotokea kulikuwa kosa la jinai. Picha za rangi kubwa hazifichiki chini ya godoro. Kibao kinafichika. Katika muongo uliofuata Hong alichonga mfululizo wa chapa 50 kuhusu Mei ya Gwangju, na zikaenea makanisani, vyuoni na kwenye vyumba vya mikutano ya vyama vya wafanyakazi kabla hazijafika kwenye jumba lolote la sanaa.

Ile niipendayo zaidi ni ya 1984, iitwayo Daedong Sesang, yaani ulimwengu ambamo wote ni wamoja. Mtu anayeijua Gwangju kwa mauaji tu atashangaa, kwa kuwa katika chapa hiyo watu wanafurahi. Umati umejaa fremu mpaka pembeni, hakuna nafasi ya anga. Nyuso zimechongwa kwa michirizi michache, midomo wazi, mikono juu. Kuna wenye bunduki, na kuna wanawake wenye matonge ya wali. Matonge hayo yalikuwa ya kweli: akina mama wa sokoni walipika wali barabarani, wakaukanda kwa viganja na kuwagawia vijana waliopanda malori. Hong angeweza kuchonga maiti, na katika chapa nyingine alizichonga. Hapa alichagua zile siku ambazo mji ulijilisha wenyewe, kwa sababu serikali ilikuwa ikiieleza Gwangju kama ghasia za wahuni. Chapa hiyo ni ushahidi wa upande wa utetezi.

Lakini kazi ambayo kwangu inabeba hoja nzima haikuwa chapa. Mwaka 1983 Hong na wenzake walianzisha shule ya sanaa ya wananchi mjini Gwangju, chini ya kivuli cha Kanisa Katoliki, wakaanza kuwafundisha wanafunzi, wafanyakazi na watu wa kawaida kuchonga na kuchapa. Hawakuwafundisha wawe wasanii wa kuuza. Waliwafundisha waweze kuweka jambo lao kwenye ubao na kulitoa nakala. Hebu fikiria maana yake katika mji ambao miaka mitatu nyuma ulikuwa umelazimishwa kunyamaza. Mtu ambaye hakuruhusiwa kusema kwamba ndugu yake aliuawa anakaa mezani na kisu, anachonga uso, na jioni anaondoka na nakala kumi. Kumfunga msanii mmoja ni rahisi. Kuwafuatilia wote waliojua kushika kisu ni kazi nyingine kabisa.

Seoul ilikuwa na njia yake. Oh Yoon, mtoto wa mwandishi wa hadithi Oh Yeong-su, alisomea uchongaji wa sanamu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, na mwaka 1969 yeye na wenzake waliandaa maonyesho yakazuiwa kabla hayajafunguliwa. Wakati huo majumba ya sanaa yalielekea kwenye uchoraji wa rangi moja, turubai tulivu zilizosifiwa hadi nje ya nchi na ambazo hazikumkera mtawala yeyote. Mwaka 1979 Oh Yoon akawa miongoni mwa waanzilishi wa kundi lililojiita Uhalisia na Kauli. Maonyesho yao ya kwanza, Oktoba 1980, yalikuwa katika ukumbi wa taasisi ya sanaa ya serikali. Wasimamizi wakazima taa, na waliofika wakatazama picha kwa mishumaa. Kutoka hapo Oh Yoon alizidi kwenda kwenye chapa, za mbao na za linoleamu (shiti laini ya sakafu inayochongwa kama ubao), nyingi zikiwa za majalada ya vitabu na mabango. Mistari yake ilitoka kwenye ngoma za vinyago, hirizi za waganga na picha za Kibuddha. Korea haikujifunza kuchonga mbao kutoka kwa wageni: katika hekalu la Haeinsa kuna mbao zaidi ya 81,000 za maandiko ya Kibuddha zilizochongwa karne ya 13 wakati wa uvamizi wa Wamongolia. Ni kweli kwamba kizazi hiki kilimsoma mchoraji na mchapaji Käthe Kollwitz wa Ujerumani na kilijua habari za vijana wa Kichina waliokusanywa na mwandishi Lu Xun huko Shanghai kuchonga chapa miaka ya 1930. Walichokitafuta huko kilikuwa uthibitisho kwamba chombo cha zamani cha kwao kinaweza kusema mambo ya leo. Oh Yoon alifariki Julai 1986 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 40, miezi michache baada ya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Ile chapa yake ya mchezaji ngoma mwenye kisu, mguu umeinuliwa, mwili wote ukiwa umejipinda kama moto, sasa ni miongoni mwa kazi zinazotambulika haraka zaidi katika sanaa ya Korea ya karne ya 20.

Halafu ikaja 1987. Januari mwanafunzi Park Jong-chul alikufa kwa mateso mikononi mwa polisi. Tarehe 9 Juni, mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Yonsei, kopo la gesi ya machozi lilimpiga kichwani mwanafunzi mwingine, Lee Han-yeol. Picha ya mpigapicha wa habari ilimwonyesha akilegea, damu ikimtiririka usoni, mwenzake amemkumbatia kwa nyuma chini ya makwapa asianguke. Choi Byung-soo aliiona picha hiyo gazetini akaichonga, akaichapa kwenye vipande vya kitambaa, na wanafunzi wakavibandika vifuani. Baadaye aliikuza ikawa bango kubwa lililoning'inizwa kwenye jengo la wanafunzi, likiwa na maneno ya kudai Han-yeol arudishiwe uhai. Lee alifariki 5 Julai. Tayari 29 Juni serikali ilikuwa imekubali uchaguzi wa rais kwa kura ya wananchi wote.

Huyo Choi alikuwa fundi seremala. Mwaka uliotangulia aliitwa kuwasaidia wachoraji waliokuwa wakichora ukutani, akawatengenezea ngazi, polisi wakawakamata wote, na afisa aliyeandika maelezo yake akamwandika kuwa mchoraji. Dola ndiyo iliyompa cheo. Naileta habari hii kwa sababu inaeleza chombo chenyewe kuliko maelezo ya mhakiki yeyote: sanaa ambayo fundi seremala anaweza kuiingia kwa ujuzi aliokuja nao wa kushika patasi, na ndani ya mwaka mmoja akatengeneza picha ambayo taifa zima linaikumbuka.

Wapinzani wa sanaa hii wana hoja zao, na si zote nyepesi. Dola ilisema ni propaganda, tena ya Korea Kaskazini. Julai 1985 polisi walivamia maonyesho ya wasanii vijana jijini Seoul, wakachukua kazi na kuwakamata watu; Novemba mwaka huo wasanii wakajibu kwa kuunda chama chao cha kitaifa. Mwaka 1989 Hong alikamatwa kwa Sheria ya Usalama wa Taifa baada ya slaidi za mchoro mkubwa aliotengeneza na wenzake kufika Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini. Alieleza kwamba aliteswa kwa maji, na alikaa gerezani hadi 1992, huku Amnesty International ikimtambua kama mfungwa wa dhamiri. Mwaka huohuo wa 1989 Shin Hak-chul alikamatwa kwa picha ya wakulima wanaopanda mpunga, na mwaka 2004 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaamua kwamba Korea ilikiuka uhuru wake wa kujieleza. Kwamba baadhi ya kazi za miaka ile zilikuwa na ndoto nyepesi kuhusu Kaskazini, nakubali. Lakini shtaka la propaganda linaanguka lenyewe: propaganda huhitaji mtu mmoja wa juu anayeamua picha ipi ichapwe, ilhali hapa kila mwenye kibao alikuwa mchapaji.

Hoja nzito zaidi ilitoka ndani. Chapa nyingi za kipindi kile zilirudia watu walewale: mkulima mwenye mikono kama magogo, mama mwenye kifua kipana anayesubiri, kijiji chenye ngoma. Wakati huo Wakorea walikuwa wakimiminika mijini, na waliosimama kwenye mashine za nguo na za vifaa vya umeme walikuwa wasichana wembamba wenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wasichana hao mkulima yule hakuwawakilisha. Wachoraji wanawake waliliona mapema: mwaka 1986 Kim In-soon, Kim Jin-sook na Yun Suk-nam walifanya maonyesho yao wakiuliza, ndani ya harakati hizohizo, mwanamke yuko wapi zaidi ya kuwa mama wa shujaa. Hoja hii siikatai hata kidogo. Naongeza tu kwamba inahusu picha zilizotoka mikononi mwa wasanii wenye majina. Chapa za shule ya wananchi zilikuwa na mambo madogo ya nyumbani na kazini kwa sababu waliochonga walichonga walichokijua. Kibao kikipita mikononi mwa wengi, yule mkulima wa mfano huanza kupotea mwenyewe.

Wapo pia wanaoitukuza kupita kiasi, wakisema chapa ndizo zilizomwangusha Chun. Hapana. Ushindi wa Juni 1987 uliletwa na wanafunzi, makanisa, wafanyakazi na makarani waliotoka maofisini na tai zao shingoni. Kitambaa kwenye kifua cha mwanafunzi kiliwasaidia watu hao kutambuana na kujua wanamlilia nani. Hiyo ni kazi kubwa ya kutosha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi sasa: kwamba simu imeiua chapa. Kila mtu ana kamera, kila mtu ana ukurasa, nani atahangaika na kisu? Anayesema hivyo anachanganya kasi na umiliki. Simu ni ya kwako. Mtandao unaopita ndani yake si wako. Una mwenye swichi, na mwenye swichi huwa karibu na serikali kuliko wewe. Waliokaa Tanzania bila intaneti kuanzia siku ya uchaguzi ya 29 Oktoba 2025 wanalijua hilo. Na jeshi la Yoon lilijua ukweli uleule lilipoweka habari na uchapishaji kwenye amri yake ya kwanza, miaka 44 baada ya Gwangju, kwa maneno yanayokaribiana sana na yale ya zamani. Hata wale wasichana wa Yeouido nao wametafsiriwa vibaya. Kijiti cha taa hutoka kiwandani, kimeuzwa na kampuni ya muziki. Waliobaki barabarani usiku kucha walikibandika maneno yao kwa mkono, wakashona na kuchora bendera za vikundi walivyovibuni wao wenyewe, kila moja tofauti na ya jirani. Tabia hiyo ya kukataa kusimama kwenye maandamano ukiwa umebeba bango la mtu mwingine tu ndiyo iliyokuwa ikifundishwa Gwangju mwaka 1983.

Nina wasiwasi na heshima inayotolewa sasa. Mwaka 1994 makumbusho ya taifa yalifanya maonyesho makubwa ya miaka 15 ya sanaa hii, na wengi walihesabu siku hiyo kuwa mwisho wa safari: dola imekubali. Miaka 20 baadaye, 2014, Hong alichora turubai kuhusu meli ya Sewol iliyozama Aprili mwaka huo na watu zaidi ya 300, wengi wao wanafunzi. Humo alimwonyesha Rais Park Geun-hye kama sanamu ya kutishia ndege inayoshikwa na baba yake, dikteta Park Chung-hee. Picha ilikuwa ya maonyesho ya kuadhimisha miaka 20 ya Biennale ya Gwangju, tamasha la sanaa lililozaliwa kutokana na kumbukumbu ya Mei 1980. Hata alipombadilisha rais akawa kuku, ilikataliwa, na mkuu wa Biennale akajiuzulu. Baadaye ikafichuka kwamba serikali hiyo ilikuwa na orodha ya siri ya karibu majina 10,000 ya watu wa utamaduni wa kunyimwa ufadhili. Makumbusho yaliweza kuzitundika chapa za 1984 bila hofu na wakati huohuo yakaiogopa turubai ambayo rangi yake haijakauka.

Kwa hiyo ninapoona taasisi zikishindana kununua nakala za kwanza za Oh Yoon na kuziweka kwenye mwanga hafifu zisififie, nafurahi kwamba karatasi zitasalimika, ila nauliza habari za mbao. Kibao ambacho kingali hai kinaweza kutoa nakala nyingine leo. Jumba la kumbukumbu linaloitaka kazi hiyo kwa dhati lingeweka kando ya fremu meza moja ndefu, linoleamu, visu vilivyonolewa, rola na vijiko, na mtu wa kumwonyesha mgeni jinsi ya kugeuza herufi, kisha likamwacha mgeni huyo aondoke na chapa yake, hata kama alichokichonga ni jambo ambalo mfadhili wa jumba hatapenda kulisoma.